Waingereza Walipokuwa Watu wa Machozi

Mwaka 1499 msomi wa Kiholanzi, Erasmus, alivuka bahari kwenda Uingereza kwa mara ya kwanza. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake hakulalamikia mvua wala chakula. Alisifia mabusu. Ukifika nyumbani kwa watu unabusiwa, ukiaga unabusiwa, ukirudi unabusiwa tena. Akamhimiza mwenzake aje haraka ajionee mwenyewe.

Mwingereza tunayemjua sisi siye huyo. Wetu ni yule anayekupa mkono kwa mbali, anayeanza mazungumzo kwa habari za mvua, na akifiwa anasema hajambo kisha anamimina chai. Wengi, wakiwamo Waingereza wenyewe, huamini kwamba hiyo ndiyo tabia waliyozaliwa nayo, eti baridi ya kisiwa imewaingia damuni. Historia haikubaliani nao. Ukimya ule una umri wa miaka mia mbili hivi, na mahali ulipofinyangwa panajulikana.

Hata kisiwa chenyewe hakikuwa kisiwa tangu mwanzo. Miaka elfu nane na ushee iliyopita, wawindaji walitembea kwa miguu mahali ambapo leo ni Bahari ya Kaskazini. Barafu ya dunia ilipoyeyuka, maji yakapanda na nchi kavu ikamezwa. Siku hizi kutoka Dover hadi pwani ya Ufaransa ni kilomita 33 hivi, na kukiwa na jua unaiona ng'ambo kwa macho. Waingereza hupenda kuuita mlango ule wa bahari ngome yao, lakini mgeni hakukosa pa kupitia. Warumi waliingia mwaka 43 baada ya Kristo, wakakaa karibu karne nne na kuacha kaskazini ukuta wa Hadrian, wenye urefu wa kilomita 117. Wakafuata Waanglo na Wasaksoni kutoka Ujerumani na Denmark za leo, kisha Waviking, na mwaka 1066 Wanormani.

Mwaka 1701 Daniel Defoe, kabla hajamtunga Robinson Crusoe, alitoa shairi refu la kuwasuta wenzake waliokuwa wakinung'unika kwamba Mfalme William ni Mholanzi. Nyinyi mnaojiita Waingereza halisi, aliwauliza kwa dhihaka, uhalisi huo mmeutoa wapi, na kila jeshi lililotia nanga hapa limewaachia watoto? Shairi liliuzwa kama njugu. Mwaka 1714 akatawazwa George wa Kwanza, Mjerumani wa Hanover ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha. Jina la ukoo wa kifalme, Windsor, ni la mwaka 1917, lilipochaguliwa katikati ya vita na Wajerumani ili kulifuta lile la Kijerumani. Na hapo sijawagusa Waskoti, walioungana na Uingereza mwaka 1707 na ambao hadi leo, ukimwita mmoja wao Mwingereza, utajua mwenyewe.

Katika karne hizo za zamani Ulaya haikuwaona Waingereza kuwa wapole. Iliwaona kuwa wakorofi, walevi, na wepesi wa kufanya ghasia. Mwaka 1649 walimkata kichwa mfalme wao hadharani. Asubuhi ile ya Januari Charles wa Kwanza aliomba kuvaa mashati mawili, asije akatetemeka kwa baridi na watu wakadhani ni hofu. Aliyejikaza siku ile ni mfalme. Shoka liliposhuka, umati ulitoa mguno ambao mashuhuda waliukumbuka maisha yao yote.

Na walilia. Mwaka 1739 mhubiri George Whitefield alisimama uwanjani karibu na Bristol kuwahubiria wachimba makaa ya mawe. Aliandika kwamba aliyaona machozi yao yakichora michirizi myeupe kwenye mashavu yaliyokuwa meusi kwa vumbi la makaa. Mabwana wakubwa nao hawakuwa tofauti. Mwaka 1791, Edmund Burke alipotangaza Bungeni kuwa urafiki wake na Charles James Fox umekwisha, kwa sababu ya kutofautiana kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa, Fox alisimama kujibu akashindwa kusema kwa kulia. Aliendelea kuwa kiongozi mkubwa wa siasa. Mwaka 1805 Nelson, shujaa wa majini, akiwa anakata roho katika vita vya Trafalgar, alimwomba nahodha wake Hardy ambusu, na Hardy akambusu.

Kilichobadilisha mambo kilianzia hukohuko Ufaransa. Mapinduzi yalipogeuka kuwa umwagaji damu, hisia kubwa za hadharani zikaanza kunuka Ufaransa, na machozi ya mwanamume yakatiliwa shaka. Ikaja vita ndefu na Napoleon. Baada ya hapo ikaja kazi ya kutawala watu wa mbali, nayo ilihitaji vijana wa aina yake. India nzima, yenye mamilioni kwa mamilioni ya watu, iliendeshwa na maofisa wa ngazi ya juu wapatao elfu moja. Kijana wa miaka 25 aliyepewa wilaya peke yake hakuweza kuwatisha watu kwa wingi wa askari. Ilimbidi aonekane hatikisiki.

Kiwanda cha vijana hao kilikuwa shule ya bweni. Thomas Arnold alishika shule ya Rugby mwaka 1828, na mtindo wake wa kuwatumia wanafunzi wakubwa kuwasimamia wadogo ukaigwa nchi nzima. Mtoto wa miaka minane aliondolewa kwa mama yake, akalazwa chumba kisicho na moto, akaogeshwa maji baridi na kuchapwa viboko. Akilia, wenzake walimalizana naye kabla ya mwalimu kujua. Kukaa kimya kulikuwa njia ya kujiokoa, na baadaye wakubwa wakaupa ukimya huo jina la heshima: uungwana.

Msomaji aliyesoma bweni kwetu hahitaji kusimuliwa zaidi. Kengele ya alfajiri, kiranja mwenye makali kuliko mwalimu, ukaguzi wa vitanda, prepo ya usiku: vyote vilikuja na meli ileile. King's College Budo ya Uganda ilianza mwaka 1906, shule ya serikali ya Tabora katika miaka ya 1920, Alliance ya Kenya mwaka 1926. Ndimo walimopita wengi wa waliokuja kumtoa Mwingereza madarakani, Nyerere wa Tabora akiwa mmoja wao.

Hata hivyo sura hii ya Mwingereza anayejikaza haikuwahi kuwa ya taifa zima. Ilikuwa ya tabaka la juu, na huko nako haikuwashika wote. Winston Churchill, anayetajwa kila mara kama mfano wa kutotikisika, alikuwa mwepesi wa machozi kupita kiasi. Mabomu ya Wajerumani yalipobomoa mashariki ya London Septemba 1940, alikwenda kwenye vifusi akalia mbele ya wananchi, nao wakampenda zaidi kwa hilo.

Malkia Elizabeth wa Pili yeye alilishika somo la kujikaza sawasawa. Februari 1952, akiwa Nyeri na umri wa miaka 25, aliletewa habari kwamba baba yake amefariki na kwamba sasa yeye ni malkia. Alijikaza, akaruka kwenda London kupitia Entebbe, na hivyo ndivyo alivyojulikana kwa miaka 45 iliyofuata. Diana, aliyekuwa mkwe wake, alipofariki Agosti 1997, umma uliokuwa ukilia mitaani na kurundika maua mbele ya Kasri la Kensington ulimgeukia yeye. Magazeti yalimshutumu kwa kubaki kwenye kasri lake la Balmoral bila kuonyesha huzuni.

Miaka mitatu baadaye, mwenye duka la vitabu vya mitumba mjini Alnwick alikuta bango jekundu chini ya boksi la vitabu vya mnada. Liliwataka raia watulie na waendelee na shughuli zao. Serikali ilichapa karibu nakala milioni 2.5 za bango hilo mwaka 1939, zikawekwa akiba kwa ajili ya siku mbaya, kisha mwaka 1940 nyingi zikasagwa ili karatasi itumike upya. Waliopigwa mabomu karibu wote hawakuwahi kuliona. Mwenye duka alilitundika karibu na kaunta, na wateja wakaanza kuuliza bei. Leo maneno ya bango hilo yako kwenye vikombe, fulana na taulo za jikoni, na anayevinunua huamini kwamba ndivyo babu yake alivyokuwa.