Mwamba wa Karagwe: Jina Lililozama Likaibuka

Pale greda linapokata ubavu wa kilima katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mara nyingi mwamba hujitokeza kwa matabaka. Kuna bamba gumu jeupe, au lililopakwa rangi ya kutu. Chini yake kuna jiwe laini la kijivu linalobanduka kwa ukucha kama kurasa za daftari lililolowa. Kisha bamba gumu tena. Gumu lilikuwa mchanga, laini lilikuwa tope, na yote mawili yalitulia chini ya maji zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kabla mnyama yeyote hajatembea duniani wala jani moja halijachipua.

Kwa nini mchanga, kisha tope, kisha mchanga? Jibu lake mtu anaweza kuliona Bukoba, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ukingoni mawimbi hupepeta, mchanga hubaki, na chembe laini huchukuliwa mbali na kuzama kule maji yalikotulia. Kati ya 1961 na 1964 ziwa hilo lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, fukwe za zamani zikafunikwa. Lau maji yangebaki juu vile kwa maelfu ya miaka, tope lingelala juu ya mchanga, naye mchimba kisima wa baadaye angeyakuta matabaka hayo na kusoma habari yote ya ziwa lilivyopanda.

Elimu hii ilianzia mbali na Kagera. Mwaka 1838 Mswisi Amanz Gressly, aliyezunguka kwa miguu katika milima ya Jura yenye mawe ya chokaa ya bahari ya kale, aligundua kwamba tabaka moja hubadilika sura kadiri mtu anavyolifuata: hapa lina mabaki ya matumbawe, kule ni tope tupu. Mwaka 1894 Mjerumani Johannes Walther akaongeza hoja yake: sura za miamba zinazofuatana bila kukatika kutoka chini kwenda juu ndizo zilizokuwa majirani ubavu kwa ubavu siku zilipokuwa zinatulia. Miaka ya 1970 watafuta mafuta, Peter Vail akiwa mbele yao, wakaigeuza hoja hiyo kuwa kalenda ya maji kupanda na kushuka.

Karagwe nayo iliingia katika elimu hiyo kwa jina lake yenyewe. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, walikuwa na uhusiano wa zamani na mawe yao: wahunzi walifua chuma, na hazina ya mfalme wao, Omukama Rumanika, aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant Novemba 1861, ilikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Lakini jina lilipanda kwenye ramani za wanajiolojia kwa sababu ya bati. Mwaka 1932 A. D. Combe, wa idara ya jiolojia ya Uganda, alichapisha kitabu juu ya miamba ya kusini-magharibi mwa Ankole na maeneo jirani, akitilia mkazo bati. Miamba hiyo ikajulikana kama mfumo wa Karagwe-Ankole.

Halafu jina likazama. Wanajiolojia waliofanya kazi upande wa Kongo waliona miamba inayofanana nayo katika milima ya Kibara, Katanga, wakaiunganisha yote kuwa ukanda mmoja. Kwa miongo kadhaa mwamba wa Karagwe ulifundishwa vyuoni kama mkia wa Kibara.

Haukuwa mkia. Mwaka 2010 Luc Tack wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba kanda hizo ni mbili, zimetengwa na mwamba mkongwe zaidi unaotoka Ubende kuelekea Rusizi. Upande wa kaskazini ukarudishiwa jina lake: ukanda wa Karagwe-Ankole. Unagusa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Nchi tano, na jina la kwanza ni la hapa.

Tofauti kati ya mchanga na tope si jambo la vitabuni tu. Mashapo yale yalizikwa, yakapikwa, yakakunjwa. Mchanga ukawa kwatzaiti, mwamba unaopasuka. Tope likawa mwamba unaopinda. Miaka milioni 986 hivi iliyopita, itale iliyoyeyuka ilipopanda kutoka chini, maji ya moto yenye bati yalipenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myeupe. Ndiyo mishipa anayoifuata mchimbaji mdogo wa Kyerwa, akiponda jiwe na kulisafisha kwa maji kwenye karai. Mchanga mwepesi unakwenda na maji, na punje nyeusi za bati, zenye uzito zaidi ya mara mbili ya mchanga huo, zinabaki chini. Kusini zaidi, Kabanga wilayani Ngara, tope la kale lenye salfa lilikutana na mwamba mwingine wa moto miaka milioni 1,375 hivi iliyopita, na salfa hiyo ikasaidia kuikusanya nikeli.

Mchanga na tope ndivyo vinavyotawala katika vilima vya Karagwe, si chokaa kama ile ya Jura. Anayetaka chokaa ya maji ya kale katika magharibi ya Tanzania aende Ilagala, mkoani Kigoma, kwenye miamba michanga zaidi, ambako kuna chokaa yenye dolomaiti. Kwa kawaida chokaa hukua pale mito isipoleta tope jingi. Karagwe ililetewa mzigo mkubwa wa mchanga na tope.

Walimu wa jiografia wa Karagwe na Kyerwa, msisubiri kitabu kipya. Wapelekeni wanafunzi kwenye ukingo wa barabara iliyokatwa, mmoja aguse bamba gumu, mwingine abandue lile laini, kisha waambieni lipi lilikuwa ufukwe.