Wenyewe wa Frere Town

Makondakta wa matatu zinazovuka Daraja la Nyali huita "Kengeleni!" kutwa nzima. Abiria hushuka, huvuka barabara, huenda zao. Kengele yenyewe ipo, imeachiwa moshi na honi. Ukimuuliza mtu habari zake, jibu huwa moja: ilikuwa ikigongwa majahazi ya watumwa yakionekana, watu wapate kukimbia. Sina nia ya kumnyang'anya mtu hadithi yake. Lakini hiyo imemweka adui baharini peke yake, na aliyewakosesha usingizi watu wa Frere Town alikuwa ng'ambo tu ya maji, Mombasa mjini.

Asili ya kijiji inajulikana. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi, na waliookolewa walihitaji pa kukaa. Shirika la kimisionari la CMS likamtuma Mchungaji William Salter Price, akafika mwishoni mwa 1874, akapata shamba Kisauni, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Kijiji kikapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyekwenda kumshinikiza Sultani na ambaye hakuwahi kuishi Kisauni. Septemba 1875 manowari Thetis ilileta zaidi ya watu 250 kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi hutia nanga: Mzungu kaja, mtumwa kawa huru. Na waliowapokea watu hao ufukweni? George David, William Jones na Ishmael Semler walikuwa pwani hii tangu 1864, miaka kumi kabla ya Price. Walitekwa wakiwa watoto, wakaokolewa, wakalelewa Nasik, India, katika kituo ambacho Price mwenyewe aliwahi kukisimamia. Wenzao wa Nasik walipoletwa Kisauni, walikuja wakiwa mafundi na walimu, wamekwisha kusoma. Mji ulisimama juu ya mabega yao.

Kati yao alikuwa Matthew Wellington, Myao ambaye jina lake la kwao lilikuwa Chengwimbe. Mwaka 1872 alipelekwa bara na vijana wengine wa Nasik kumfuata Livingstone. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, waliikausha maiti yake na kuibeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Maiti ikazikwa London kwa heshima kubwa. Mmoja wa waliojitwika mzigo ule alirudi kuwa mtu wa Frere Town, akazeeka, akafariki Mombasa mwaka 1935. Watoto wetu wanafundishwa habari za Livingstone. Wangapi wamewahi kulisikia jina la Chengwimbe?

Turudi kwa adui wa ng'ambo ya maji. Mkataba wa 1873 uliifunga bahari, mashamba haukuyagusa. Utumwa uliendelea kuwa halali pwani hii hadi 1907. Basi watoro wa mashambani walipoona kuna kijiji cha watu huru Kisauni, na kingine Rabai, walikimbilia huko. Mabwana zao wakaja kudai mali yao, kwani sheria iliwaita mali. Wamisionari wakakwama: kumkabidhi mtoro ni aibu, kumficha ni kuvunja sheria ya Sultani. Mwaka 1880 mambo yalifika pabaya, Mombasa ikatishia kukishambulia kijiji. Sasa niambie, wanakijiji walikuwa wakiangalia upande gani usiku? Jahazi lilikuwa hofu ya zamani. Hofu yao ya sasa ilikuwa mtu wanayemjua kwa sura na jina, anayeweza kuvuka kwa mtumbwi.

Na ndani ya kijiji hapakuwa peponi. J. R. Streeter, msimamizi asiye mchungaji, alituhumiwa kuwachapa watu viboko na kuwafunga. Uchunguzi ukafanywa 1881, Price akalazimika kurudi kutengeneza mambo. Mtu aliyetoroka kiboko cha shambani akakikuta kingine misheni, uhuru huo auite nini? Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA aligawa hati za uhuru kwa watoro wapatao 1,400, wengi wao Rabai. Kabla ya hapo fidia ilikuwa imelipwa. Waliolipwa ni mabwana. Waliolima bure hawakupata hata pesa moja.

Haya hutayapata yote katika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha James Juma Mbotela kilichotoka 1934. Nina ugomvi nacho, tena nakipenda. Mwandishi, mwana wa Frere Town, anasimulia jinsi wazee wake walivyotekwa, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa na Waingereza. Na Waingereza wake karibu wote ni malaika. Wahakiki wamemlaumu kwa hilo, na lawama ni ya haki. Lakini huyu alikuwa mwalimu wa misheni akiandika chini ya bendera ya mkoloni, na kitabu kikachapishwa London. Bila yeye tungekuwa na ripoti za wamisionari na makonsuli tu, ambamo watu hawa huhesabiwa kwa vichwa.

Yaliyofuata ni mafupi. Chuo cha wachungaji kilichokuwa Frere Town kilihamishiwa Limuru 1930, daraja la kwanza la Nyali likafunguliwa mwaka uliofuata, na mji ukamezwa na jiji. Ukoo wa Mbotela ukatoa Tom, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi 1952. Ukatoa na Leonard Mambo, mtangazaji ambaye tarehe 1 Agosti 1982 alilazimishwa na askari waasi kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa.

Wenyewe wa Frere Town mngalipo. Kama nyumbani kuna cheti cha ubatizo, barua au picha ya babu mwenye jina la Kinasik, msikiachie mchwa. Kipelekeni makumbusho ya Fort Jesus kinakiliwe, na wazee waliobaki warekodiwe sauti zao mwaka huu huu.