Jina la Mgeni: Mbulu, Hanang na Misingi ya Elimu ya Utamaduni

Kila mwanafunzi aanzaye elimu ya utamaduni wa watu, ambayo wataalamu huiita anthropolojia, hupewa maneno machache ya kuanzia safari: utamaduni, kabila, ukoo, pamoja na onyo la kwamba mila ya watu itazamwe kwanza kwa macho ya wenyewe kabla ya kupimwa kwa kipimo cha mwingine. Aghalabu huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha akayaweka kando. Hapa nayatoa darasani na kuyapeleka katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa kuwa huko maneno hayo yalipata kuwa jambo la malisho, la kaburi na la hukumu ya mahakama.

Nchi hiyo ni chuo kwa mwenye kutaka kujifunza. Katika nyanda za juu za Mbulu, na kuuzunguka Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, zimekutana lugha za asili mbalimbali kabisa. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao kubwa, husema lugha ya Kinailoti. Wako wasemao lugha za Kibantu. Na upande wa Yaeda wako Wahadza, ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haijapatiwa ndugu wa yakini.

Tazama sasa majina waliyopewa watu hao. Wasemaji wa Kiswahili kwa muda mrefu waliwaita Wairaqw Wambulu, na Wadatoga wakawaita Wamang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai lenye maana ya maadui. Jina la kwanza ni la mahali, la pili ni la vita. Wala hakuna hata moja lililotoka kinywani mwa mwenye kuitwa. Mtu aliyekwisha kuitwa adui na jirani yake, kisha jina hilo likaandikwa katika vitabu vya serikali na magazeti, huwa na kazi kubwa ya kujieleza kila aingiapo ofisini.

Lakini jina la mtu mwenyewe nalo laweza kugeuzwa na mgeni. Zamani za ukoloni walikuwako waandishi wa Kizungu walioamini kwamba kila Mwafrika waliyemwona tofauti kwa sura au kwa lugha hana budi alitoka nje ya Afrika. Waliposikia neno Iraqw, wakakumbuka nchi ya Iraq. Dhana hiyo, ambayo msingi wake ni mfanano wa sauti tu, ilienea hata Wairaqw wenyewe wakaanza kuisimulia kama habari ya mababu. Mwaka 1998 mtaalamu wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliandika makala akaonyesha jinsi dhana ya wageni ilivyogeuka kuwa hadithi ya wenyeji. Masimulizi ya zamani humtaja Haymu Tipe na mahali paitwapo Ma'angwatay, yakasimulia vita na Wadatoga, hayaitaji Mesopotamia. Nayo lugha, ndugu zake walio mbali wako Ethiopia na Somalia. Katika mafundisho yangu sijaona mfano bora kuliko huu wa kumwonya mwanafunzi asipokee kila simulizi kuwa ni la kale kwa sababu tu limetoka kwa mzee.

Kabila nalo, vitabu vya kwanza hulieleza kuwa ni watu wa asili moja. Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya Wairaqw, alieleza kwamba kiungo chao kikubwa si damu bali ni aya, yaani eneo la nchi lenye mipaka yake, lenye wazee wake na ibada zake, ambamo watu wa koo mbalimbali hukaa kama wamoja. Koo zipo, ila hazitoshi kueleza nani ni mwenzako.

Wabarabaig walielezwa na George Klima, Mmarekani, katika kitabu cha mwaka 1970 kilichotolewa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo. Wasomaji wake walistaajabia hasa baraza la wanawake, lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza faini. Wakasoma pia habari za bung'eda, yaani maziko ya mzee mwenye heshima: kilima cha udongo juu ya kaburi, na shughuli iendeleayo kwa miezi tisa. Miaka ikipita mvua hukimomonyoa kilima hicho, na asiyejua huona kichuguu.

Basi wakati huohuo kitabu kilipokuwa kikisomwa ng'ambo, wataalamu wa kilimo walikuwa wakiitazama nchi ileile. Katika nyanda za Basotu waliona pori lisilo na mtu. Kwa Wabarabaig palikuwa na muhajega, malisho yenye rutuba kuliko yote, waliyoyalisha kwa majira kisha wakayaacha yapumzike, wakizunguka kutoka malisho hata malisho. Ardhi iliyopumzishwa ilihesabiwa ardhi isiyotumika. Shirika la serikali, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, likafungua mashamba saba ya ngano, takriban ekari 100,000. Sisemi kwamba taifa halikuhitaji mkate. Nasema kwamba aliyepima nchi hakuuliza jina lake. Trekta zilipita juu ya malisho, na juu ya makaburi pia.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa haki mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ilisema halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba ilipewa ardhi ile, na wanakijiji wenyewe hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, ambayo kwayo mwenyeji peke yake ndiye awezaye kumiliki kwa mila. Neno hilo, mwenyeji, lilipewa maana yake na watawala wa Kiingereza. Likatumika kumpima mfugaji wa Hanang miaka 24 baada ya uhuru. Shahidi mmoja wa ukaaji wao, yaani makaburi ya wazee, mengine yalikuwa yamekwisha kulimwa. Sheria ya 1923 ilifutwa na sheria mpya za ardhi zilizotungwa mwaka 1999.