Mikono ya Katuruka

Mwulize kijana yeyote kijiweni Igogo: akiolojia ni nini? Atakujibu kwamba ni mambo ya Wazungu wanaotafuta mifupa Olduvai. Kwake historia iko mbali, na haya mawe makubwa yanayotuzunguka ni ya kujengea nyumba juu yake au kupasua kokoto, basi.

Sivyo. Mwaka 1969 Robert Soper na mwenzake Golden walichapisha taarifa ya uchunguzi wa mambo ya kale katika Mkoa wa Mwanza. Kwenye mapango ya mawe kama haya haya ya kwetu, mfano lile la Nyang'oma, vilikutwa vigae vya vyungu vya watu wa kale mno. Swali ni moja: nani atatufundisha kuvisoma?

Jibu tulitafute ng'ambo ya ziwa. Panda meli jioni, asubuhi uko Bukoba, na kutoka hapo Katuruka si mbali. Huko ndiko Mmarekani Peter Schmidt alikopelekwa shule na wazee wa Kihaya. Walimsimulia habari za Mfalme Rugomora Mahe na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, mahali pa kufulia chuma. Alipochimba karibu na mti huo mwaka 1970, akakuta mabaki ya kazi ya chuma. Makaa yalipopimwa, umri wake ulizidi miaka 2,000! Simulizi ya wazee ndiyo iliyoonyesha jembe lipige wapi.

Mwaka 1976 ukaja mtihani mkubwa zaidi. Wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani waliombwa kuifanya tena kazi hiyo. Walikuwa wameiacha kwa miongo mingi, maana chuma cha dukani kiliwaua kibiashara. Ikabidi mikono ikumbuke: udongo upi unafaa kwa mirija ya kupitishia hewa, mti upi unatoa makaa makali, matete ya kinamasi yaunguzwe vipi shimoni, mivukuto ipigwe kwa mwendo gani. Walijaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena. Mwishowe chuma kikatoka, na mavi yake pembeni.

Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba mirija ile iliingia ndani ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine walilibishia hilo, na ubishi ukawa mkali. Lakini ustadi wa wale wazee hakuna aliyeufuta. Sasa niambie, msomaji, pale kwenye tanuri profesa alikuwa nani na mwanafunzi nani?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na Watanzania wenyewe wakashika jembe. Jambo jema. Ila chuo peke yake hakitoshi. Wanakijiji wa Katuruka walipoamka kuulinda urithi wao, kuanzia mwaka 2008, walikuta wazee wengi wamekwisha kufa, UKIMWI ukiwa umepita nyumba kwa nyumba. Wakawafuata waliobaki, wakarekodi maneno yao, wakaijenga upya nyumba ya jadi ya mfalme. Hawakusubiri mfadhili awaambie wao ni nani.

Sisi je? Pale Bujora, Kisesa, tunayo Makumbusho ya Wasukuma. Kila Juni, kwenye Bulabo, Wagika na Wagalu wanashindana kucheza, nasi tunashangilia nyoka, tunakunywa soda, tunarudi mjini. Kwa nini siku hiyo hiyo mfinyanzi asikae na udongo wake, vijana wakafinyanga na kuchoma? Aliyefinyanga chungu mwenyewe ndiye atakayeokota kigae na kujua mdomo ni upi na kitako ni kipi.

Lakini tahadhari, wenzangu: msikimbilie sululu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na kigae kikishang'olewa ovyo mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Silaha ya mwandishi chipukizi ni daftari. Ukikiona kigae, kiache hapo hapo, andika mahali kilipo, tafuta mzee anayelijua pango lile, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha toa taarifa makumbusho.

Fanya hivyo wiki hii. Nyundo za kokoto hazipumziki, na wazee wetu hawarudi ujana.