Tukisoma, macho yetu yanatembea namna gani?

Mutoto anasoma mustari, anasimama, anarudi nyuma. Muzazi anakasirika: « Huyu hajui kitu! » Lakini kusimama na kurudi nyuma njo kazi yenyewe ya macho.

Macho yanaruka

Wengi tunawaza kama macho yanapita juu ya mustari polepole, sawa vile mutumbwi juu ya ziwa. Hapana. Yanaruka, yanasimama, yanaruka tena. Karibu mwaka 1879, kule Paris, Ufaransa, munganga wa macho Louis Émile Javal aliandika juu ya hiyo miruko.

Kila kusimama kunachukua karibu robo ya segonde, na njo hapo tunasoma. Muruko wenyewe ni wa haraka sana. Ndani yake hatusomi kitu. Kwa musomaji muzoefu wa lugha kama Kifaransa ao Kiingereza, muruko mumoja unapita herufi 7 mpaka 9 hivi.

Juu ya nini yaruke?

Jicho linaona safi kabisa kwa katikati tu. Nyoosha mukono, angalia ukucha wa kidole gumba: upana wake njo karibu ile sehemu safi. Pembeni kunakuwa ukungu. Kwa hiyo jicho linapashwa kuhama. Maneno mafupi, kama « na » ao « ya », mara mingi linayaruka. Neno refu, kama « hatutawarudishia », linaweza kuliomba lisimame mara mbili.

Hata mutu mukubwa anayesoma muzuri anarudi nyuma: katika miruko 100, karibu 10 mpaka 15. Mutoto anayeanza anasimama zaidi, na anarudi zaidi. Akizoea maneno, inapunguka yenyewe.

Jaribu kwa nyumba

Toboa tundu ndogo katikati ya karatasi yenye maandishi. Mwenzako aisome, wewe umuangalie macho kupitia hilo tundu. Utaona yanavyoruka.

Muzazi afanye nini?

Umuache mutoto arudilie mustari. Akifuata na kidole, usimukataze. Umutafutie mwangaza wa kutosha, na umupe maneno mingi ya kusoma kila siku. Lakini akileta kitabu karibu sana na uso, ama kichwa kinamuuma kila anaposoma, hapo umupeleke kwa munganga wa macho. Fimbo haifundishe jicho kuruka.