Msimbo Usiojua Unafumwa

Mwaka 1972 David Parnas alishauri programu igawanywe ili kila moduli ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika. Mwaka 1974 Edsger Dijkstra akahimiza kila suala litazamwe peke yake. Lakini yapo masuala mtambuka, kama ukaguzi wa ruhusa na uandishi wa kumbukumbu za matukio, yasiyokubali kukaa chumba kimoja. Mistari yake huzagaa programu nzima. Mwaka 1997, huko Jyväskylä, Finland, Gregor Kiczales na wenzake wa Xerox PARC walipendekeza kila suala la aina hiyo liandikwe pembeni kama aspekti, kisha kifumaji kilifume ndani ya msimbo mkuu. Ushahidi wao ulikuwa mzito: programu ya kuchakata picha iliyosomeka vizuri kwa mistari 768 ilivimba hadi 35,213 ilipoharakishwa kwa mkono, lakini kwa aspekti ikawa 1,039, bila kuhesabu kifumaji chenyewe.

Kwa nini basi ufundi huu haukutawala? Kwa maoni yangu, uliponzwa na sifa iliyopigiwa debe zaidi. Robert Filman na Daniel Friedman waliitaja mwaka 2000 kuwa mojawapo ya vitambulisho vyake: msimbo mkuu usijue kwamba unafumwa. Katika AspectJ, lugha ya kuandikia aspekti, aspekti ya ukaguzi wa ruhusa yaweza kudaka kila methodi ambayo jina lake linaanza kwa neno fulani. Fundi mwingine akibadilisha jina la methodi, ukaguzi huo unatoweka, na kompaila hailalamiki. Friedrich Steimann alieleza mwaka 2006 jinsi hali hii inavyoudhoofisha umoduli wenyewe. Watetezi hujibu kwamba zana za Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, zilionyesha, kando ya kila mstari, aspekti inayougusa. Ni jibu la haki, ila linamfaa tu mwenye msimbo wote mbele yake. Mwandishi wa maktaba ambayo wengine wataifumia aspekti zao haonyeshwi chochote.

Kilichodumu kinathibitisha hoja hii. Katika Spring, kiunzi cha programu za Java kilichotoka rasmi mwaka 2004, miamala ya hifadhidata bado hufumwa kutoka nje, lakini kwa kawaida methodi inayoihitaji hubandikwa alama inayosomeka na kila mtu. Mpinzani atasema alama hizo nazo zimezagaa, yaani ugonjwa uleule umerudi. Zimezagaa kweli. Hata hivyo kinachozagaa ni ombi la neno moja. Kazi ya kufungua muamala, kuukamilisha au kuutengua imebaki mahali pamoja, na anayeibadilisha methodi analiona ombi hilo kabla hajagusa kitu.