Mashine ndani ya mashine: mwanzo wa somo la "wingu"
"Wingu" la intaneti haliko angani. Ni mashine za kukodisha, zenye kuwekwa mbali, mutu anazitumia kupitia intaneti. Amazon ilianza kukodisha zake mwaka wa 2006.

Mwanafunzi wa Goma ao Bukavu anaweza kujifunza bila intaneti. Programu ya bure VirtualBox, yenye kuletwa kwenye flashi, inagawa kompyuta moja: yenye giga 8 za memori inaweza kubeba mashine mbili za ndani, kila moja giga 2. Akiharibu moja, kompyuta yenyewe inabaki nzima.

Wingu ni kazi ile ile, kwa ukubwa. Lakini intaneti ikikatika, kazi iliyo kule haifikiwi tena. Kwa hiyo mwalimu afundishe pia kuweka kopi karibu.